Pua Mbili za Mama

Kamera niliipata mitumbani, kwa muuza viatu. "Ilikuja ndani ya buti," aliniambia, "na mimi nauza mabuti. Kama inafanya kazi, heri yako." Ilikuwa nzito kama tofali, kuukuu kuniliko, kila kitu cha kuzungusha kwa mkono. Mimi ni fundi redio. Mambo ya picha najifundisha mwenyewe.

Nilikuwa na haja nayo. Kesho yake Mama alikuwa anahamia kwa dada yangu, mbali, na nyumbani kwetu hapakuwa na picha yake hata moja. Picha za simu hazitaki. Ukimwelekezea tu, anajifunika uso kwa kiganja. "Mnanipigapiga kama mwizi," husema. Lakini kamera hii alipoiona, aliipapasa.

"Hii inamheshimu mtu," akasema. "Basi nitakaa. Mara moja tu, Polepole. Usiniweke hapo nikaota mizizi."

Polepole ndiye mimi. Jina alinipa yeye, kwa jinsi nilivyokuwa nikila.

Akaenda kuoga. Mke wangu, fundi cherehani, akampigia pasi gauni la bluu. Mimi nikafungua mgongo wa kamera, nikaelekeza lenzi dirishani, nikawa nafyatua kwa kila spidi nikitazama mwanga unavyopita. Spidi za haraka zilikuwa nzima. Zile za taratibu zilinata; pazia dogo la ndani lilifunguka, likasita kufunga, kama mlango uliovimba kwa mvua. Nikarudia na kurudia mpaka likalainika. Nikaufunga mgongo. Ikabaki lenzi. Ukichungulia kidirisha cha nyuma, kitu cha katikati unakiona mara mbili. Unazungusha pete ya lenzi mpaka viwili vikutane viwe kimoja; hapo ndipo picha hutoka kali.

Mama akaingia, akakaa karibu na dirisha. Nikachungulia: pua mbili. Nikazungusha pete. Pua zikasogeleana, zikagusana, ikawa moja, na papo hapo Mama akatabasamu meno yote nje. Kidole kikafyatua chenyewe.

"Haya, imetoka?" akauliza, akiinuka.

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na kikopo mkononi. "Baba," akaniuliza, "mkanda wa picha si huu hapa?"

Mama akanigeukia.

"Kwa hiyo nimemchekea nani?"

"Nilikuwa naijaribu, Mama."

"Umejaribu meno yangu! Mara moja nilisema, na mara moja nimetoa." Akarudi kwenye mizigo yake, akaanza kukunja nguo kwa hasira.

Nilikaa sakafuni, nikapachika mkanda, nikahakikisha umeshika, kisha nikamfuata.

"Sasa ina mkanda, Mama."

"Sitabasamu."

"Usitabasamu."

Akaendelea kukunja, lakini hakujifunika uso. Nikachungulia. Pete ikawa nzito.

"Bado tu?"

"Pua zako hazijakutana."

"Pua zangu ngapi?"

"Humu ndani uko na mbili, Mama. Lazima niziunganishe."

Mke wangu akaanza kucheka, akajiziba mdomo kwa kanga aliyokuwa anaikunja. Mama akaacha nguo, akaninyooshea kidole.

"Mama mmoja amekushinda, umejitafutia wawili! Wenzako walikuwa wanaosha sahani, wewe bado unautazama mchuzi! Na huyu binti wa watu ameolewa na kobe, wala halalamiki—"

Pua zikakutana. Nikafyatua.

Picha ilisafishwa Mama akiwa ameshaondoka. Kidole chake kimetoka na ukungu kwa kutikisika, na sikio kwa kuwa nyuma ya pua. Lakini uso ni mkali, kila kikunjo kinaonekana, mdomo wazi katikati ya neno, na macho, ukiyatazama vizuri, hayana hasira hata kidogo.

Mke wangu aliishika mpaka chai yake ikapoa.

"Hapa alikuwa amefika wapi?"

"Kwenye kobe."

"Basi itundike sebuleni," akasema, "pale unapokaa ukila."