Betri za Ndege ya Maua

Françoise, mwalimu wa fizikia katika mtaa wa Lumumba, alikuwa na ndege ndogo ya kuongozwa kwa rimoti. Aliijenga mwenyewe kwa povu jeupe, lile ambalo firigo mpya huja nalo kwenye katoni, akaitia injini ndogo ya umeme puani. Wifi yake Solange alipochumbiwa, Françoise alimwahidi kwamba siku ya ndoa, akitoka tu kanisani, angemwagiwa maua kutoka juu.

Akafunga chini ya ndege kijisanduku chenye mlango wa kufunguka kwa kitufe. Akaomba ruhusa kwa padri na kwa mkuu wa mtaa. Ndoa ilipokaribia akachaji betri zake zote mpaka zikajaa. Mara mvua ikaikata barabara, wazazi wa bwana harusi wakakwama Butembo, na ndoa ikaahirishwa kwa majuma kadhaa.

Katika pilikapilika hizo akasahau jambo alilolijua vizuri: betri ya namna ile haipendi kukaa ikiwa imeshiba. Kama huitumii, iache nusu, mahali penye ubaridi. Zake zilibaki zimejaa pomoni ndani ya sanduku la bati, chini ya mabati yaliyochomwa na jua kila mchana. Ni moja tu aliyoitumia kujaribu ndege, ikabaki nusu, akaiacha kwenye kabati la jikoni.

Asubuhi ya ndoa alifungua sanduku. Betri zilizokuwa bapa kama kitabu cha sala zilikuwa zimevimba kama maandazi.

Alijua hazifai. Lakini gauni la Solange lilikuwa limeshatundikwa sebuleni, wageni walikuwa wakiingia, na haraka ni mshauri mbaya. Akachagua ile iliyovimba kidogo kuliko wenzake, akaiunganisha na chaja juu ya meza ya sebuleni. “Nitaiongezea kidogo tu,” akajiambia, akaenda chumbani kumsuka wifi yake.

Haukupita muda, mama mkwe wake Joséphine, muuza mikate, akaita kutoka sebuleni: “Françoise! Nani iko napakala rangi ya kucha huku?”

Hakuna aliyekuwa akipaka rangi. Françoise alishtuka, akatoka mbio. Harufu ile tamu, kama ya rangi ya kucha, ilitoka kwenye betri. Ilikuwa imejaa kama puto, ikitoa sauti ya mvuke. Akang'oa waya. Joséphine alichukua koleo lake refu la mbao la kutolea mikate, akaibeba betri kwa ncha yake, akapita mlangoni akipiga kelele, “Mutoke! Mutoke mu njia!”

Akaitupa kwenye rundo la mchanga walioacha mafundi ujenzi uani. Ikalipuka kwa ulimi wa moto na moshi mweupe.

“Mama, rudi nyuma! Usivute ule moshi!” Françoise alimvuta, kisha kwa koleo lile lile wakaufukia moto mchangani mpaka ukazimika.

Solange alitokea mlangoni, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama. “Robe yangu?” akauliza, akitafuta gauni lake kwa macho.

“Iko muzima,” mama yake akamjibu.

Solange akaangalia koleo, akaangalia mama yake aliyejaa mchanga mpaka kwenye kitambaa cha kichwa, akaanza kucheka. Akacheka mpaka Joséphine naye akashika mbavu. Françoise peke yake alikuwa na machozi.

“Nimeharibu, Mama. Ningeunguza nyumba.”

“Haikuungua. Hauna ingine?”

Hapo akaikumbuka ile ya jikoni. Akaikuta bapa, baridi, haina kasoro. “Iko moja, lakini ndani ya nyumba sitachaji tena.”

Joséphine akaonyesha kwa kidevu furu yake ya zamani ya kuokea mikate uani, ya matofali, iliyopasuka na haijawashwa kwa muda mrefu. Zile zilizovimba wakaziweka mbali, kwenye ndoo ya mchanga. Ile nzima wakailaza ndani ya furu, juu ya tofali, chaja ikaijaza polepole, huku Françoise akihakikisha vyumba vyote vya ndani ya betri vinajaa umeme sawasawa. Wakaketi mbele ya furu, kila mmoja na kitenge chake kipya, Solange akimaliziwa kusukwa hapo hapo.

Mumewe Françoise, Delphin, akapiga honi barabarani. “Mama! Padri anangoja! Muache hiyo kitu, itajichaji yenyewe!”

“Haiachwi peke yake,” Françoise akajibu.

“Unasikia?” Joséphine akaongeza. “Padri angoje.”

Walifika kanisani kengele zikipigwa, Solange akicheka bado garini.

Baada ya misa ndege ikapaa kutoka uwanja wa shule jirani. Ikazunguka mnara wa kanisa, ikashuka chini kidogo, na Françoise akabonyeza kitufe. Nusu ya maua ilimwangukia padri, nusu ikawamwagikia maharusi, na vigelegele vikafunika ngoma zote.

“Leta,” Joséphine akasema, akinyoosha mikono.

Françoise akampa rimoti, akaweka vidole vyake juu ya vya mama mkwe. Kushoto. Taratibu. Ndege ikageuka.

“Inanisikia!” Joséphine akapiga kelele. “Jamani, inanisikia!”

“Tuishushe sasa, Mama, betri isiishe kabisa.”

“Zunguko moja ingine!”

Wakazunguka mara moja zaidi. Kisha ndege ikateleza kwenye majani, na Solange, gauni limekunjwa mpaka magotini, akawa wa kwanza kuikimbilia.