Cheche Ajipeleka Wodini

Jina la Cheche alipewa na wateja, kwa ajili ya moto uliokuwa ukimrukia siku nzima karakanani, na kidogo kwa ajili ya ulimi wake. Alikuwa fundi wa mageti, mwanamke pekee katika mtaa mzima wa mafundi chuma. Waliomcheka alipoanza ndio baadaye waliomletea mageti yaliyowashinda.

Alikuwa pia na ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka. Ukimpandisha, halali, hachoki, na kila wazo linalomjia ni la ajabu. Ukimshusha, hata shuka ni zito kulivuta. Kila alipolazwa alitoka mzima, akashika kazi, kisha baada ya muda akarudishwa wodini. Na kurudishwa kwenyewe kulikuwa kihoja: wanaume wamemkamata huku na huku, kaka yake anaendesha pikapu macho yamejaa machozi, mama anakimbia nyuma ameshika viatu vya bintiye, majirani wamejazana vibarazani.

Safari hii mambo yalianza na geti la shule. Mwalimu mkuu alitaka geti la kawaida tu, lenye ndege wawili juu. Cheche akaona ndege wawili ni uchoyo. Akachora kundi zima. Halafu akataka ndege wapige mbawa geti likifunguliwa. Kabla hajamaliza hilo akaanza geti la jirani, bure, na jingine la mtu ambaye hakuwa na hata ukuta.

Kaka yake, waliyekuwa wakifanya kazi pamoja, aliyaona yote. Zamani alikuwa akimfokea, na kufoka kulikuwa kama kumwagia moto mafuta. Sasa alijifanya anapanga vyuma vilivyokwisha kupangwa.

Mchana mmoja Cheche alivua kofia ya kuchomelea ajifute jasho, akatupa jicho kwenye kazi yake ya asubuhi. Alikuwa ameiacha akijua ni kazi ambayo haijapata kuonekana duniani. Sasa aliona matundu. Chuma kimevimba hapa, kimeungua pale, bawaba imekaa upande. Kazi kama ile angeletewa na mwanafunzi, angemtimua.

Akazima mashine.

"Kaka, nipeleke."

"Nikupeleke wapi?"

"Si unapajua."

Kaka akaanza kutafuta funguo za pikapu, na zilikuwa mkononi mwake.

Walipopitia nyumbani, mama aliwakuta mlangoni, akashika kichwa. "Jamani, tena? Tutaficha wapi nyuso zetu?"

"Mama, hakuna anayeniburuta. Niangalie, viatu nimevaa mwenyewe."

Njiani alikuwa akicheka na kusimulia ndege wake, lakini walipofika hospitali akasita. Ugonjwa huu una hila. Ukikupandisha unakupa raha ambayo wazima hawaijui. Kitu ndani kilimwambia: wewe huumwi, hawa wanakuonea wivu, geuza. Akasimama pale nje ya mlango, kaka yake pembeni asithubutu hata kumgusa bega. Akapiga moyo konde. Akaingia.

Muuguzi wa zamu, aliyezoea kumpokea akirusha mateke, alichungulia nyuma yake.

"Wako wapi waliokuleta?"

"Nimejileta. Huyu ni dereva tu."

Muuguzi akaondoka mezani, akampa mkono kama anayempongeza bibi harusi.

Daktari alimkalisha, akamuuliza taratibu kama alikuwa akimeza dawa. Zamani Cheche angeapa kwamba hakosi hata siku moja. Safari hii alinyoosha mikono.

"Nilikuwa nazipunguza, daktari. Zinanitetemesha mikono. Mkono ukitetemeka, chuma hakishikani sawasawa. Niliogopa nikisema utaniambia niache ufundi."

"Nani aache ufundi?" Daktari akaivuta ile mikono karibu na dirisha, akaitazama. "Tetemeko linarekebishika. Ulichokuwa ukinificha ndicho nilichohitaji kukijua."

Wakampima damu, wakambadilishia dawa. Usingizi ukarudi, kwanza wa kuokoteza, kisha wa kukoroma kabisa, hata jirani yake wodini akaomba ahamishwe kitanda. Alikaa muda mfupi kuliko alivyowahi kukaa, na alipotoka hakuwa amevunja kitu wala kutukana mtu.

Geti la shule alilikata upya kwa mkono uliotulia. Siku ya kulifunga pale shuleni, mama naye alikuja, amejipamba. Mzazi mmoja akamsogelea na kumnong'oneza, "Pole, tumesikia mgonjwa alirudishwa tena."

Mama aliyekuwa akificha uso siku zote akauinua.

"Nani alirudishwa?" alisema, sauti ikawafikia hata waliokuwa wameshika ngazi. "Mwanangu alijipeleka! Kwa miguu yake! Wewe hata jino likikuuma, si mpaka ubebwe?"

Watu wakaangua kicheko, na aliyechekwa akacheka pia, maana la jino lilikuwa kweli. Cheche, aliyekuwa juu ya ngazi akikaza bawaba ya mwisho, alicheka hadi kaka yake akamshika miguu asianguke.

"Mama," aliita kutoka kule juu, "hebu rudia, wa nyuma hawakusikia!"

Na mama akarudia.