Mstari wa Ba Kapembwa

Kikokotoo chenyewe kilitia kinyaa hata kabla hakijawashwa. Ba Kapembwa, mkuu wa wapimaji wa mgodi, alikuwa akila dagaa wa kapenta kwa mkono wa kulia na kubonyeza kwa mkono huohuo, miaka nenda miaka rudi, hata vitufe vikawa vinanata na kunuka samaki. Chilekwa alikifuta kwa ncha ya chitenge, akaguna, akaendelea na kazi.

Alasiri ile wachimbaji wangelipua mwamba kwa kufuata mstari mweupe uliopakwa na wapimaji kwenye paa la handaki. Mstari ukiwa sawa, wangekutana na wenzao waliochimba kutoka upande wa pili. Ukipinda, wangetoboa shimo la kale lililojaa maji, na hapo asingepanda mtu juu kusimulia. Chilekwa, mpima ambaye hata mwaka hajamaliza kazini, alikuwa ameuona mstari ule asubuhi na roho yake ikaukataa.

Akaingiza vipimo vyote vya handaki. Programu ikajibu kwamba mzunguko wa vipimo umerudi pale ulipoanzia, tofauti milimita tatu tu. Hakuridhika. Akaingiza urefu wa uongo mtupu, themanini na tano badala ya hamsini na nane. Milimita tatu.

"Hii inadanganya," akasema.

"Kalkuleta haina mdomo, dada," alicheka Sichone, mpima wa meza ya pili, akinywa munkoyo wake, togwa la mahindi. "Angalia kama pembe zako ziko kwenye digrii."

Zilikuwa kwenye digrii. Labda namba za kazi ya jana zilibaki kwenye kumbukumbu, akazifuta, akarudia. Milimita tatu. Basi akaifungua programu yenyewe, akaisoma mstari mmoja mmoja kwenye kile kidirisha chembamba, kama mtu anayechambua mchele. Karibu na mwisho akalipata jiwe. Mstari mfupi uliamuru: tofauti ikizidi inayoruhusiwa, onyesha milimita tatu.

"Sichone, unaujua mstari huu?"

Sichone aliacha kucheka. "Huo tunao sote. Mstari wa Ba Kapembwa, tulinakili kwake. Bila huo ungekuwa unarudishwa chini kupima upya kila leo, na joto lile."

"Na wachimbaji wanajua?"

"Wao wanajua kuchimba."

Akasema hivyo na kupiga funda jingine. Kuna dhambi za njaa na kuna dhambi za uvivu, na hizi za uvivu ndizo zinazonuka. Chilekwa akaufuta mstari ule, akaingiza vipimo vya kweli. Tofauti: mita mbili na ushei.

Ba Kapembwa alipoingia akichokonoa meno, akaonyeshwa. Hakushtuka, na hilo lilimchukiza Chilekwa kuliko yote.

"Mwanangu, nimezeekea mgodi huu. Mistari yangu haijaua mtu."

"Basi teremka wewe, Ba Kapembwa. Kasimame pale wakilipua."

Mzee akakitazama kikokotoo, akaitazama saa ya ukutani. Mwishowe akainua simu ya kwenda chini, akaifunika kwa kiganja chenye mafuta.

"Niseme wewe ndiye uliyekosea hesabu, au niwaache waendelee?"

Chilekwa alidhani amesikia vibaya. Lakini mzee alikuwa akimngoja, uso mkavu, kama muuza nyanya anayengoja bei.

"Sema," akajibu, na neno lenyewe likamkera kinywani.

"Haloo? Simamisheni kazi," Ba Kapembwa akasema kwa sauti ya upole. "Kuna mtoto mgeni hapa kavuruga hesabu. Msimlaumu sana, atajifunza."

Akakata simu, akamsukumia kikokotoo kwa kidole kimoja. "Haya. Nirudishie mstari wangu."

"Uandike mwenyewe."

Mzee alibonyeza hapa, akabonyeza pale, kidirisha kikamlalamikia. Kumbe hakuwahi kujua kuuandika. Aliandikiwa na mtu aliyekwisha kuondoka zamani.

Chilekwa alichukua kofia yake ngumu na vyombo vya kupimia, ateremke kuanza upya. Mlangoni alimsikia mzee akiita, "Sichone, wewe unao?"

"Ninao, mzee," akajibu Sichone, naye alikuwa ameshawasha kikokotoo chake. "Nikusomee?"