Kidonge Kilichofunguliwa Njiani

Soko zima la Kabambare lilijua kwamba mzigo aliofunga Bulaimu haufunguki njiani. Nguo, chumvi, viatu, chochote kilichopelekwa kwa wachimbaji wa Salamabila kwa pikipiki, yeye alikivika plastiki, akakishona ndani ya gunia, akakaza kamba mpaka fundo likawa gumu kama jiwe. Mvua ikinyesha, pikipiki ikilala kwenye matope, mzigo ulifika. Alijivunia jambo hilo, wala hakulificha.

Sasa mkewe Régina alikuwa anatokwa na damu kila aendapo haja. Daktari wa Kasongo alisema utumbo mpana, ule wa mwisho, umejaa vidonda. Alimpa vidonge vyekundu vinene, akaonya kwamba visipomsaidia, itabidi apelekwe Bukavu akatwe sehemu ya utumbo. Régina aliogopa kisu kuliko kaburi.

"Unizike na tumbo yangu yote," alimwambia mumewe.

Mwanzoni damu ilipungua. Kisha asubuhi moja Bulaimu alikwenda kumwaga ndoo ya mgonjwa, akaona humo kidonge chekundu, kizima, kama kilivyoingia.

"Mama Chimène! Dawa imetoka vile iliingia!"

"Na weye unachungulia nini mule, Baba Chimène?"

"Ninachungulia dawa yetu! Tumbo yako imekuwa barabara, kitu inapita tu."

Kwao dawa hutwangwa. Mizizi, maganda, majani. Bibi yake hakumpa mtu dawa ambayo haijapita kwenye kinu. Basi Bulaimu akachukua kinu kidogo cha pilipili, akakisugua kwa majivu, akatwanga vidonge mpaka vikawa unga, akaukoroga kwenye uji. Kila siku alifanya hivyo kwa mkono wake, wala hakumwachia mtu. Kidonge kizima hakikuonekana tena, naye akajipongeza. Lakini damu ilirudi, nyingi kuliko mwanzo, hata Régina akashindwa kusimama jikoni.

Yvette, muuguzi wa kituo cha afya, alikuja kumwandaa kwa safari ya Bukavu. Macho yake yakaangukia kinu.

"Papa, hii wekundu ni ya pilipili?"

"Ni ya dawa, binti yangu. Zilikuwa zinatoka nzima. Nimezifundisha adabu."

Yvette akavuta kigoda, akakaa. Hakupaza sauti.

"Papa Bulaimu, mutu akikuletea mzigo ya Salamabila, unaifungua hapa sokoni?"

"Miye? Haijatokea hata siku moja!"

"Basi kidonge hii nayo imefungwa. Wale walioitengeneza waliivika ngozi inayovumilia tumbo la juu, inakuja kufunguka kule chini, kwenye vidonda. Ukiitwanga, dawa inamwagika njiani. Chini haifiki kitu."

"Lakini niliiona kwa macho yangu, nzima!"

"Uliona gunia, Papa. Ndani ulipapasa?"

Bulaimu alimtazama Régina kwenye mkeka, amekonda, na bakuli la uji kando yake. Yeye, Bulaimu, ndiye aliyefungua mzigo.

"Bukavu ingoje kidogo," alisema Yvette. "Ameze vizima. Damu isipopungua, tunaondoka naye."

Bulaimu alikirudisha kinu kwa pilipili. Sasa alimpa mkewe vidonge vizima na kikombe cha maji, akakaa karibu mpaka ameze, na kila asubuhi akaitazama ndoo. Damu ikapungua, ikawa uzi mwembamba, kisha ikakatika. Na siku hiyo kidonge kilikuwemo tena, chekundu, kizima.

Bulaimu akatafuta kijiti, akabonyeza kidonge nacho. Kikabonyea. Ndani hamkuwa na kitu. Lilikuwa ganda tupu, kama ganda la karanga iliyokwisha kuliwa.

"Mama Chimène! Gunia tupu! Mzigo imefika!"

Régina akatokea mlangoni, ameshika mwiko, amesimama kwa miguu yake mwenyewe.

"Mwaga ndoo hiyo, mzee," alisema. "Majirani watasema ugonjwa umehamia kwako."