Baba Hajamaliza

Daktari alikuwa ameukamata ulimi wangu kwa kitambaa, ameuvuta nje kama mtu anayetoa soksi ndani ya kiatu, huku akinichungulia kooni kwa kioo kidogo chenye mpini. Machozi yalinitiririka. Nilikuwa na maswali chungu nzima na sikuweza kuuliza hata moja.

Alipouachia, akaniambia nyuzi zangu za sauti zimeota vivimbe kwa kutumika bila kupumzika. Dawa ilikuwa moja: kunyamaza. Si kupunguza maneno, ni kunyamaza kabisa mpaka atakaponiona tena mwisho wa mwezi. Hata kunong'ona alinikataza, maana kunachosha koo kuliko kusema. Nikikaidi itabidi anipasue, na baada ya hapo hakuahidi kwamba ningebaki na sauti ya kuitia hata mtoto.

Mume wangu, aliyekuwa amekaa pembeni, alimuuliza kama dawa hiyo inaweza kurudiwa kila mwaka.

Mimi ni msusi. Saluni yangu wakati ule ilikuwa na viti vitatu na draya moja inayounguza masikio, na watu hawakuja kwa ajili ya draya. Walinifuata mimi. Mtaani waliniita Chiriku, nami sikuona tusi ndani yake. Mteja akikaa kitini, kabla sijamgawa nywele nilikuwa nimeshamuuliza habari za mumewe, nimejijibu mwenyewe, na ushauri nimeshautoa.

Sasa nikawa nazungumza kwa kitana. Nikigonga meza mara moja, ndiyo. Mara mbili, hapana. Siku za mwanzo wateja walidhani nimenuna. Mmoja aliniomba radhi kwa kosa ambalo sikuwa nalijua, na nikatamani sana kulijua. Mwingine alihamia saluni ya jirani na hajarudi hadi leo. Ila kadiri siku zilivyokwenda, kero ikageuka udadisi. Nilisikia feni yangu ikilalamika kila inapozunguka, na sijui ilianza lini. Nikagundua kwamba mwalimu mmoja, mteja wangu wa siku nyingi, huvuta pumzi ndefu kabla ya kusema neno la kweli. Mengine yote humtoka tu. Nilikuwa nimemsuka miaka na miaka, na kichwa chake nilikijua kuliko maneno yake.

Kilichonishangaza zaidi, hata hivyo, kilikuwa nyumbani kwangu.

Baba, seremala mstaafu, alikuja kuishi kwetu mama alipofariki. Kila mtu alijua baba si msemaji, kwa hiyo nilimsemea mimi. Baba hapendi chai ya moto sana. Baba hataki safari. Baba amechoka, mwacheni apumzike. Yeye alikuwa akiniangalia tu, nami nikahesabu kwamba amekubali.

Jioni moja mume wangu alimuuliza kama meza yetu ya chakula, iliyokuwa ikiyumba tangu tuinunue, inaweza kupona.

"Inaweza," baba akasema, akanyamaza.

Hapo ndipo ningeingia mimi na kueleza jinsi mafundi wa siku hizi wasivyojua kazi. Sikuweza, na mume wangu alikuwa anatafuna. Basi ukimya ukakaa mezani pamoja nasi. Kwa kukosa la kufanya nikamtazama baba usoni, nikaona macho yake yanatembea polepole, kama mtu anayetafuta msumari ndani ya kopo. Akaupata.

"Ila si meza," akasema. "Ni sakafu."

Mume wangu alicheka mpaka akapaliwa. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimemkumbuka mama, akichambua maharage jikoni, baba ameegemea mlango, na kati yao kimya kirefu ambacho utotoni nilidhani ni ugomvi. Mara nyingi nilikimbilia pale katikati na kuimba, ili niwapatanishe. Maskini mimi, mama alikuwa anamsubiri amalize.

Tangu jioni ile nikawa mpelelezi. Baba akinyamaza, namtazama. Mara nyingi kulikuwa na sentensi ya pili, na hiyo ya pili ndiyo iliyokuwa yake. Ya kwanza aliitoa kwa adabu tu.

Jumamosi moja kaka yangu alifika. Anaishi mji mwingine, ana karakana ya samani, na kila mwaka alikuja na ombi lile lile: baba ahamie kwake. Kila mwaka nilimjibu mimi kwamba baba hawezi. Ukweli ni kwamba niliogopa. Nyumba bila kikohozi chake cha asubuhi, niliona, itakuwa kama kumzika mama mara ya pili.

Safari hii kaka alinigeukia kwa mazoea, akakumbuka, akamgeukia baba.

"Unasemaje, mzee?"

Baba akatazama mikono yake. "Hapa natunzwa vizuri," akasema. "Binti yangu hajaniacha nikose kitu."

Akanyamaza. Kaka akashusha pumzi, akaanza kutafuta funguo za gari lake. Mambo yalikuwa yamekwisha, na mimi nilikuwa nimeshinda bila kufungua mdomo. Ningeweza kwenda kuongeza maji ya chai na leo baba angekuwa bado kwetu, chumba cha nyuma. Lakini niliyaona macho yake, bado yanatembea. Nilitaka kujua. Nilitaka kujua kuliko nilivyotaka kushinda, na jambo hilo lilinishtua mimi mwenyewe.

Nikachukua kijiko, nikagonga meza mara mbili: hapana, bado.

Kaka akasimama na funguo mkononi. Baba alinitazama kwa muda, halafu akamaliza.

"Ila mikono yangu inalala. Ningependa kwenda kunusa mbao."

Wakapatana kwamba kaka atamfuata mwisho wa mwezi. Nilikwenda jikoni nikalia. Hata kulia nililia bila sauti, kwa kumwogopa daktari.

Siku hiyo ilipofika, ilikuwa siku yangu ya kurudi hospitali. Daktari aliuvuta tena ulimi wangu, akaridhika, akanipa ruhusa ya maneno machache, taratibu. Njiani sikutumia hata moja. Nilikuwa naandaa hotuba ya kumzuia baba asiondoke. Nilipanga magoti yake yanayouma, vumbi la mbao, umbali, na mama nilimweka mwisho, kwa sababu najua kupanga maneno. Kaka angenielewa. Baba asingekataa, lini aliwahi kunikatalia?

Nilimkuta amesimama sebuleni na begi begani. Nje kaka alikuwa ameshawasha gari.

"Umeruhusiwa?" baba akauliza.

Nikaitikia kwa kichwa. Alifurahi, nikaona. Akatazama viatu vyake.

"Siku uliyozaliwa," akasema, "hukulia."

Akanyamaza. Honi ikalia. Hotuba yangu yote ilikuwa imeshafika mdomoni, imejipanga.

"Halafu?" nikasema.

Sauti ilitoka nyembamba, ngeni, kama imeazimwa. Baba akashusha begi, akakaa.

"Halafu wakakuweka mikononi mwangu. Mkunga akasema nikuongeleshe. Mimi." Akatabasamu kidogo. "Sikuwa na la kusema. Nikakusimulia mbao. Hii laini, hii ngumu, hii inanukia ukiikata. Zote nilizozijua. Sijawahi kuongea vile tena. Niliongea mpaka ukalia."

Akanyamaza. Honi ikalia tena, safari hii kwa hasira kidogo. Nikavuta kiti nikakaa mbele yake.