Kukauka Si Kuiva

"Yamekauka, wifi. Yamekauka kau. Gusa mwenyewe."

Wifi yangu alikuwa akirudia neno hilo tangu nilipoingia mapokezi ya nyumba yake ya wageni, na kila aliporudia, mori ulinizidi. Dada wa mume hagombwi, ndivyo tulivyofunzwa. Basi waliotufunza hawakuwa na samaki.

Mawe hayo ya kupamba tangi la samaki ni yangu. Niliyafinyanga mwenyewe uani kwa saruji, chenga za makombe na chumvi ya mawe, nikayafukia kwenye mchanga mbichi mpaka yakashika. Chumvi ikayeyuka, ikaacha vitundu vya samaki kujifichia. Kisha nikayaloweka kwenye pipa, na hapo ndipo kazi ilipo. Saruji mpya hutema chokaa, na chokaa hufanya maji yawe makali. Unamwaga, unajaza, unamwaga tena, wiki baada ya wiki, mpaka ukali uishe. Mimi naita kuiva. Nilimwambia mume wangu: mwambie dada yako asubiri yaive.

Mume wangu ni fundi ujenzi. "Yaive" iliingia sikioni mwake, ikatokea mdomoni "yakauke". Dada mtu akaja nikiwa kazini, akayatoa pipani na kuyaanika juani kama mashuka. Leo asubuhi akayapanga kwenye tangi lake jipya la maji ya chumvi, na mume wangu akamletea, kwa ndoo, samaki wa binti yetu: wawili, rangi ya chungwa, wenye mikanda myeupe. Binti anawaita Bwana na Bibi. Amewalea tangu wakiwa wadogo kama ukucha, na alikubali kuwaazima kwa kuwa nilimhakikishia mimi kwamba watakuwa salama. Mimi, si baba yake.

Sasa Bwana alikuwa juu kabisa ya maji, akitweta. Bibi alilala ubavu nyuma ya jiwe.

Nilichovya karatasi ya kupimia. Kazi yangu ni ya maabara, karatasi hizo hazinitoki mkobani. Ikageuka zambarau iliyokolea. Nikamwekea wifi mezani, juu ya daftari lake la wageni.

"Unaona? Haya ni maji ya kufulia. Umewatia samaki wa mwanangu kwenye sabuni."

Akasema rangi ya karatasi haimwambii kitu, na kwamba wageni wa ufunguzi walikuwa wanaegesha magari nje, na tangi ndilo watakaloliona kwanza. Mume wangu, aliyesimama kando ya tangi, akadakia kwamba tutawatoa kesho, usiku mmoja hauui samaki, na nisimwaibishe mbele ya dada yake.

Nikamgeukia. "Wewe unamwagilia zege la watu asubuhi na jioni, na juu limeshakauka. Unamwagilia nini, maua?"

Alitazama dari kama anayekagua rangi.

"Zege halina samaki, mama watoto," alisema hatimaye.

Wifi akacheka. Kicheko kifupi tu, cha puani, lakini kilinimaliza. Nikapandisha mikono ya blauzi. Ndoo ilikuwa bado nyuma ya kaunta na maji yake ya nyumbani. Nikalichukua jagi la maji ya kunywa mezani, nikayamwaga maji kwenye chungu cha ua, nikalizamisha tangini mpaka kiwiko. Bwana aliingia mwenyewe. Bibi nilimfuata nyuma ya jiwe, polepole, na jiwe lilipoziba njia nililing'oa nikaliweka sakafuni, kwenye zulia jipya.

"Wifi, zulia," alisema.

"Litakauka," nikamjibu.

Bibi alipoingia kwenye ndoo alipiga mkia mara moja. Mlangoni wageni wa kwanza walikuwa wanafuta viatu. Nikamkabidhi mume wangu mshikio wa ndoo.

"Beba. Usiwatikise."

Alimtazama dada yake, akanitazama mimi, akabeba. Nikamtangulia kufungua mlango, nikiwaomba wageni watupishe, mkono wangu ukichuruzika maji mpaka kwenye gari.