Soksi za Katibu Moffat

Gatimu hakuwa mtu wa kutapika ovyo. Kwa miaka tisa alikuwa amebeba mizigo ya Wazungu Mlima Kenya, akichimba vyoo vyao na kusugua sufuria zao zilizoota ukungu. Lakini harufu iliyotoka katika buti za Moffat jioni ile ya Februari 1969 ilimpandishia uji kooni.

Moffat alikuwa katibu wa chama kipya cha wapanda mlima cha Nyeri, chama cha makarani na walimu Waafrika, na chama kilikuwa kinatafuta kiongozi wa safari wa kudumu. Gatimu aliitaka kazi hiyo kuliko kitu chochote. Alikuwa amechoka kusimama langoni mwa hifadhi kila alfajiri akingoja kuchaguliwa kama mbuzi wa mnada. Safari hii ilikuwa mtihani wake, na ripoti ingeandikwa na huyu huyu Moffat.

Kabla hawajaondoka Naro Moru, Gatimu alikuwa amemwambia Moffat kwa adabu zote: soksi za sufu jozi mbili, moja ya kutembelea, moja ya kulalia, na hiyo ya kulalia ikae kavu ndani ya mkebe wenye kifuniko. Buti zivuliwe kila jioni na kujazwa magazeti. Na ulichopanda nacho, ushuke nacho.

"Hiyo ni mambo ya Wazungu," Moffat akamjibu. "Mimi niko na dawa ya nyumbani."

Dawa yenyewe ilikuwa mafuta ya kondoo. Ati nyanya yake wa Wamagana alijipaka hayo miguuni, na baridi ya Julai haikumgusa. Ni kweli, lakini nyanya alitembea peku. Moffat alijipaka hadi vifundoni, akavuta juu yake soksi za nailoni za ofisini, kisha akatumbukiza uchafu wote huo ndani ya buti alizoachiwa na mlowezi aliyerudi kwao. Wakavuka kinamasi, maji yakaingia. Siku mbili hakuzivua. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. La Moffat halikuvunjika, lilianza kuoza.

Walipofika kwenye kibanda cha kulala mlimani, walimu wawili waliofuatana nao, Kihara na Kinoti, walitoka kuteka maji. Hapo ndipo Moffat aliponong'ona, "Gatimu, sisikii vidole. Usiwaambie."

Gatimu akavuta buti. Soksi ilitoka na utando wa ngozi. Mafuta yalikuwa yamegeuka kijivu na kugandamana katikati ya vidole, na nyayo zilikuwa nyeupe, zimekunjamana, zinateleza. Akageuza uso. Kisha akaziosha kwa maji ya vuguvugu, akazifuta, akafungua shati lake na kuzibandika tumboni, kwa maana mguu uliokufa ganzi hurudishwa na joto la mwili, si la moto.

Moffat akafumba macho kwa raha. Baadaye akafumbua moja. "Na hii tumbo yako uliosha?"

Gatimu alitamani kumtupa nje pamoja na buti zake. Badala yake akafungua mkebe wake wa kakao, akamvisha soksi zake mwenyewe za kulalia, nyekundu, alizofumiwa na mkewe Wakonyo. Zile za nailoni akazitia ndani ya mkebe, akagandamiza kifuniko.

Asubuhi Moffat akawatangazia walimu kwamba wanashuka bila kufika kileleni, kwani Gatimu anaumwa tumbo. Gatimu akanyamaza, akidhani ni uongo wa siku moja wa kumfichia mtu aibu. Njia nzima alijionea kinyaa mwenyewe.

Juma lililofuata chama kilikutana mjini Nyeri, chini ya Mzee Kingori, mwalimu mkuu mstaafu. Moffat aliingia akichechemea, amevaa malapa. Akasoma ripoti yake. "Tulirudi juu ya huyu Gatimu. Alishikwa na tumbo. Mtu kama huyo hawezi kazi ya mlima."

Gatimu, aliyekuwa amekaa mlangoni akingoja uamuzi, akainuka. Akakaribia meza, akaweka mkebe mbele ya katibu na kuubandua kifuniko.

Kihara aliruka kutoka kitini. Kinoti alikimbilia dirisha. Mzee Kingori alijiziba pua kwa leso, macho yakamtoka machozi.

"Ni nini hiyo, Gatimu?"

"Ni soksi ya katibu, Mzee. Nimemrudishia." Akaelekeza kidole chini ya meza, palipochungulia sufu nyekundu ndani ya malapa. "Hiyo amevaa ni yangu. Mke wangu ndiye alifuma. Nimekuja kuichukua."

Mzee Kingori akainama, akatazama miguu ile, kisha akautazama mkebe.

"Vua, Moffat," akasema. "Halafu hiyo ripoti, iandike tena."